Lebo ya Kijani Katika Banda la Merv

Krrr. Krrr. Krrr-tak.

Kabla sijafungua macho, kabla sijakumbuka ni siku gani, nilisikia feni inaumwa.

Msinicheke. Feni uliyoifunga kwa mikono yako unaijua sauti yake hata usingizini. Ile nilikuwa nimeining'iniza kwa kamba nne za mpira, isiguse mbao popote, ipumue kimya kimya. Miezi miwili ilikuwa haisikiki hata ukisimama mlangoni pa banda. Asubuhi hiyo niliisikia nikiwa kitandani, ng'ambo ya ua, dirisha limefungwa.

Kwa msomaji aliyenikuta njiani: naitwa Callan Birch, umri wangu miaka ishirini na miwili, najifunza ufundi umeme hapa Canberra, mwaka wa nne. Mmeshasoma jinsi Tegan alivyoniacha kwa sababu ya mashairi yangu, na jinsi gari langu lilivyoteketea mbele ya kanisa siku ya harusi ya dada yangu. Juma lililopita nikaungama kubwa kuliko hayo. Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kuua bustani za watu, mzee Merv Standish wa jirani aliniomba nimwokolee mimea yake miwili ya bangi. Nikaiingiza bandani kwake, nikaifungia taa, feni, na bomba la kutolea hewa.

Mimea miwili si kosa katika mji wetu. Iache nje, iote jua, polisi atapita na kukusalimia. Iwashie taa, umevunja sheria. Nilijua, na nikafanya. Nyonga ya Merv ilikuwa inamtesa, na mimi sijawahi kumwambia Merv hapana.

Kumbukeni pia jambo hili. Jumatatu saa sita mchana bosi wangu, Noreen Pike, alikuwa atie saini ukurasa wa mwisho wa kitabu changu cha mafunzo. Saini moja, na miaka minne ya kutambaa chini ya sakafu za watu inageuka leseni. Noreen alishaniambia wazi: "Mwenye kesi ya bangi hapati wino wangu. Hata angekuwa mwanangu wa kuzaa."

Basi nikavaa buti bila soksi, nikatoka.

Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa nyeupe juu ya majani. Nikapita kwenye pengo la ua. Pengo lile Merv alilitoboa mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi. Aling'oa mbao mbili ili nisizunguke barabarani mama akiwa kazini. Tangu hapo sijawahi kubisha mlango wake wa mbele hata mara moja.

Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Hilo nalo halikupaswa kuwepo. Niliweka chujio la mkaa ili hewa itoke haina siri ndani yake.

Nikafungua.

Mwanga wa zambarau ukanipiga usoni. Nikahesabu mimea. Nikarudia kuhesabu.

Tisa.

Taa yangu ilikuwa pale pale. Pembeni yake ilining'inia nyingine, imefungwa kwa waya wa kutundikia makoti, imekaa upande kama kofia ya mlevi. Chujio langu lilikuwa limetupwa pembeni kupisha nafasi. Feni yangu ilikuwa imesukumwa ukutani, mipira miwili imekatwa, inasaga mbao.

Na kwenye waya wa taa ile ya pili palikuwa na lebo. Nikaisogelea. C. BIRCH. 5 JULAI.

Jina langu. Mwandiko si wangu.

Hapa lazima nikiri upumbavu wangu. Katika kazi yetu, waya ukishapimwa huvishwa lebo ya plastiki, yenye jina la aliyepima na tarehe. Mimi kwa majivuno yangu nilivisha lebo hata taa haramu ya Merv. Rafiki yangu Wade Rossiter, anayejifunza kazi pamoja nami kwa Noreen, aliyenisaidia kuibeba taa ile mwezi wa tano, alikaa chini kwa kicheko.

"Kaka, unatia saini kwenye kosa lako mwenyewe? Si uweke na picha!"

"Kazi yangu ina jina," nikamjibu.

Sasa mtu alikuwa ameona jina lile linafaa, akalitumia tena.

Tuliojua habari za banda tulikuwa watatu. Mimi, Merv, Wade. Wade alikuwa na ufunguo wa akiba. Tena siku ile ile ya mwezi wa tano Wade alitazama huku na huku akasema, "Humu mingine saba inaingia bila kubanana."

Saba. Fanyeni hesabu wenyewe.

Nikaikata ile lebo kwa koleo, nikaitia mfukoni. Nilipogeuka, Merv alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na gauni lake la kulalia na viatu vya manyoya.

"Mwanangu, mbona mapema?"

"Merv, nani ameingia bandani?"

"Nani aingie?" Alitazama viatu vyake. "Labda yule rafiki yako. Si ana ufunguo?"

"Wade?"

"Mimi sijasema Wade. Wewe ndiye uliyesema."

"Kuna mimea tisa mle, Merv!"

"Tisa?" Akatikisa kichwa polepole. "Ama kweli vijana hamwogopi. Nenda kamwulize mwenyewe, mwanangu. Nenda upesi, kabla hajapanda na ya kumi."

Miaka kumi na miwili, kila asubuhi niliyopita pengo lile, Merv alinivuta ndani tunywe chai. Asubuhi ile alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, mwili wote umeujaza mlango. Sikuliona. Nimeliona baadaye, kama mnavyoliona ninyi sasa.

Feni ilikuwa bado inasaga ukuta. Krrr. Krrr. Dakika mbili zingetosha kuifunga vizuri, inyamaze. Sikuzitumia. Hasira yangu ilikuwa na haraka.

Nitazijutia dakika mbili zile mpaka nizeeke.

*

Jumamosi Wade huchoma soseji mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa ajili ya klabu yao ya mpira. Nilimkuta na aproni imejaa mafuta, foleni ya watu ishirini mbele yake, kitunguu kinarusha moshi.

"Kaka! Umekuja kusaidia au kula bure?"

"Umeniuza, Wade."

"Nimeuza soseji mia na arobaini tangu saa mbili. Wewe sijakuona kwenye sinia."

Foleni ikacheka. Damu ikanipanda. Sikuweza kutaja bangi mbele za watu, na kunyamaza sikuweza pia. Nikafanya ninachokijua. Nikapanda juu ya kreti ya vinywaji, nikamtolea beti papo hapo, kwa sauti ya kufika maegeshoni:

*Nilikwita ndugu yangu, nikakutia nyumbani,*
*Ukala sahani yangu, tukicheka barazani,*
*Leo hii jina langu, umelitupa bandani,*
*Geuza soseji zako, wewe u mbichi moyoni!*

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja mwenye skafu ya klabu akapaza sauti, "Mpeni kitunguu cha ziada huyo, ana uchungu!" Mwanamume mwenye kopo la rangi mkononi akamwambia Wade, "Bwana, hapo umevuliwa nguo."

Wade hakucheka. Alimpa mwenzake koleo la kugeuzia soseji, akanishika kiwiko, akanivuta hadi nyuma ya vitoroli.

"Beti nzuri. Sasa niambie nimefanya nini."

Nikamwambia. Mimea tisa, taa ya pili, jina langu. Nikamtupia ile lebo kifuani. Aliidaka, akaigeuza juani. Akaanza kutabasamu. Halafu tabasamu likamtoka lote.

"Callan. Hii ni rangi gani?"

Nikatazama. Bandani, chini ya mwanga ule wa zambarau, nilikuwa nimeiona nyeusi tu. Juani ilikuwa kijani.

Kijani.

Lebo zetu hubadilika rangi kila miezi mitatu, ili msimamizi ajue kwa kutupa jicho tu waya upi umepitwa na wakati. Kijani ni ya mwezi wa tatu hadi wa tano. Tangu siku ya kwanza ya mwezi wa sita, mafundi wote wa mji huu tunavisha buluu.

"Tarehe tano Julai," Wade akasoma. "Kwa lebo ya kijani. Kaka, mimi nimefeli mtihani wa nadharia mara mbili. Noreen ananiita mzigo. Lakini hata mimi siwezi kuvisha kijani mwezi wa saba, hata nikiwa nimelewa, hata nikiwa nimelala."

"Ungefanya makusudi."

"Ili iweje? Nikitaka kukuchomea, si ningefanya ionekane kweli? Aliyeandika hii hajui kwamba rangi ina maana. Ameona lebo, ameona jinsi unavyoandika, akaiga." Akanirudishia. "Zile zako za kijani zilizobaki, ulizipeleka wapi?"

Nilikuwa nimejua kabla hajamaliza.

Jikoni kwa Merv. Droo ya pili. Mwisho wa mwezi wa tano aliniomba zilizobaki. "Zisitupwe, mwanangu, nitaandikia achari yangu." Merv hutengeneza achari ya nyanya, chupa thelathini kila mwaka, anagawia mtaa mzima. Mwaka huu kila chupa ilivaa lebo ya kijani shingoni, na maandishi yale ya Merv, makubwa, yamelala upande, kama aliyeshika kalamu kwa ngumi.

Nikaitazama tena lebo mkononi. C kubwa, imelala upande.

Nilihisi kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Wade," nikaanza, "ile beti..."

"Usiniombe radhi hapa, soseji zinaungua. Utaniomba jioni." Alikuwa ameshanipa mgongo. "Na uniombe kwa maneno ya kawaida. Mashairi yako nimeshiba."

*

Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya Merv.

Bi Gwenda wa nyumba ya mbele alikuwa kibarazani kwake, amejifunika blanketi. "Niliwaita kwa ajili ya kelele tu, Callan!" alinililia. "Lile feni limenisaga kichwa tangu alfajiri! Mimi sikujua kuna mengine!"

Dakika mbili. Dakika mbili tu.

Nilipita pengo la ua, nikaingia jikoni bila kubisha, kama siku zote.

Askari alikuwa mwanamke wa makamo, kibao kifuani kimeandikwa VUKAS. Mezani alikaa Merv, ameshavaa shati na suruali. Kando yake alikaa mwanamume wa miaka kama arobaini, kichwa kimenyolewa, anakula mkate wa kuchoma.

Nilimtambua kwa picha iliyokuwa kwenye friji. Dale. Mwana wa Merv. Miaka sita hakuwahi kupiga simu hata siku ya kuzaliwa ya baba yake. Kila mwaka siku hiyo mimi ndiye niliyekata keki.

Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe changu.

Kikombe kile cha buluu kina pengo kwenye mdomo. Nilipewa na Merv nikiwa na miaka kumi na mmoja. Wade alivunja dirisha la shule, mimi nikaulizwa, nikakaa kimya, nikasimamishwa shule juma zima. Merv aliposikia alinikalisha jikoni pale pale akasema, "Hukumchongea mwenzako. Kuanzia leo una kikombe chako katika nyumba hii." Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekinywea.

"Wewe ndiye C. Birch?" askari akauliza. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake lebo yangu ya kweli, ile ya mwezi wa tano.

"Ndiye yeye, afande," Merv akasema.

Alisema haraka. Kabla sijafumbua mdomo.

"Mimi mzee, umeme siujui. Aliniambia anataka kutumia banda, anahifadhi vifaa vyake. Mimi sikuuliza. Kumbe anafuga mambo yake."

"Yote ni yake?" Vukas akauliza. "Taa zote mbili? Mimea yote tisa?"

Nilimtazama Merv. Nilimsubiri. Niliamini kabisa kwamba sasa atacheka, atasema anatania, atasema mwanangu kaa, chai inapoa.

Alitazama kitambaa cha meza.

"Yote, afande. Ya huyu kijana wa jirani."

Kijana wa jirani.

"Vijana wa siku hizi, afande," Dale akaongezea, akapuliza chai, akanywa. "Mzee wangu ana roho nzuri mno, wanamtumia vibaya. Dogo, kwa kweli umemkosea mzee."

"Weka kikombe chini," nikasema.

"Nini?"

"Kikombe. Kiweke chini."

Dale akamtazama askari, akacheka. "Afande, unaona? Bangi hiyo." Hakukiweka chini. Na Merv bado alitazama kitambaa.

Ningeweza kuitoa ile lebo mfukoni saa ile ile. Ningeweza kufungua kabati la achari na kusema afande, linganisha. Mtu mmoja tu ndiye aliyenifundisha kutochongea, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yangu ananichongea kwa kosa lisilo langu.

Vukas alinitoa nje. Tukasimama kwenye sakitu iliyoanza kuyeyuka, wenzake wakitoa mimea bandani mmoja mmoja.

"Sikiliza," alisema. "Taa moja na mimea miwili, nakupa karipio na karatasi, naenda zangu. Tisa na taa mbili ni biashara. Hiyo inakwenda mahakamani na jina lako juu yake."

"Taa ya kwanza ni yangu," nikasema. "Hiyo nakubali. Niliifunga mimi."

"Na ya pili?"

Nikanyamaza.

"Mbona nyingine haina lebo, na kwenye waya wake kuna alama kama ilikuwepo?"

Mfukoni plastiki ile ilinichoma paja.

Alibonyeza kalamu yake. "Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii, bwana Birch. Uso wa mtu aliyeshikwa naujua. Uso wa mtu aliyepigwa ngumi naujua pia. Wako ni huo wa pili." Akafunga daftari. "Jumatatu, saa tatu asubuhi, kituoni. Uje na la kusema, au uje na wakili. Usipokuja na lolote, nitaandika nilichoambiwa jikoni."

Saa tatu Vukas. Saa sita Noreen. Kati ya hizo mbili, miaka yangu minne.

*

Alasiri nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yetu nikasikia mbao za ua zinasogezwa. Merv alikuwa kwenye pengo. Hakupita. Kwa mara ya kwanza alisimama upande wake kama mtu anayeogopa mbwa.

"Mwanangu."

"Usiniite hivyo."

"Callan. Dale alikuja Jumanne usiku, nikamficha chumba cha nyuma. Na ile miche nyuma ya gari, ameifunika kwa blanketi. Ametoka ndani mwezi wa nne. Akishikwa na kitu chochote, hata jani moja, anarudi miaka mitatu. Ningefanya nini?"

"Ungesema ni ya kwako."

"Wangeuliza nani kafunga taa ya pili. Mimi siwezi hata kubadilisha balbu, mtaa mzima unajua. Wangemtazama yeye." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Wewe hujawahi kushikwa. Rekodi yako nyeupe. Watakukaripia tu."

"Leseni yangu, Merv. Jumatatu. Ulijua. Uliizungushia duara kwenye kalenda yako jikoni, kwa kalamu nyekundu."

"Utaomba tena mwakani."

"Kwa nani? Noreen hatanigusa na hakuna mwingine atakayenigusa!" Nilikuwa nimesimama. "Lebo uliiandika lini?"

Akaangalia mbao za ua.

"Nakuuliza uliandika lini. Tarehe imeandikwa tano. Ilikuwa jana. Jana tulikula chakula cha jioni pamoja, Merv. Uliniongezea viazi. Uliandika kabla ya viazi au baada?"

"Kabla," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Basi haikuwa hofu ya polisi mlangoni iliyomtelezesha ulimi. Alikaa chini, akafungua droo ya pili, akatoa kalamu, akaandika jina langu polepole akijua litakuja kutumika. Halafu akaniita mezani na kunipakulia.

"Miaka kumi na miwili," nikasema. "Nani alikupeleka hospitali ulipoanguka? Nani alilala kwenye kiti chako siku tatu? Yeye alikuwa wapi?"

"Najua."

"Basi kwa nini mimi?"

Merv alinyanyua macho. Yalikuwa mekundu, lakini hayakuyumba.

"Yule ni mwanangu."

"Na mimi?"

Ndege alilia juu ya nyaya za umeme. Merv alikwaruza ubao wa ua kwa ukucha.

"Wewe ni mtoto mzuri wa jirani, Callan. Umekuwa mzuri kuliko yeye. Lakini yule ni mwanangu."

Natunga beti tangu nina miaka kumi na minne, na hakuna aliyenifundisha. Nina neno kwa kila mtu aliyenikosea. Kwa hilo sikuwa na neno.

Merv aliingiza mkono kwenye koti. "Nimekuletea kitu," akasema, akanyoosha mkono kupitia pengo.

Chupa ya achari ya nyanya.

Nikaipokea kwa mazoea. Miaka kumi na miwili naipokea. Ilikuwa na uzito ule ule, kifuniko kile kile kilichobanwa kupita kiasi.

Na shingoni mwake, imefungwa kwa fundo dogo, lebo ya kijani. Maandishi makubwa, yamelala upande. NYANYA. 5 JULAI. Siku ile ile. Kalamu ile ile. Aliandika achari, akaandika na mimi.

Merv hakuiona. Amezifunga nyingi mno mwaka huu, jicho lake limeshazizoea.

Nikatia mkono wa pili mfukoni, nikaigusa ile nyingine. Zikiwekwa pamoja juu ya kaunta ya Vukas, hahitajiki wakili wala shahidi. Wala mimi kufumbua mdomo.

"Nilikufundisha mwenyewe," Merv alikuwa anasema, ameshika ubao wa ua kwa mikono miwili, nyonga imemuinamisha. "Uliponyamaza kwa ajili ya Wade. Ulikuwa mdogo hivi. Nilijivunia sana siku ile, Mungu ananiona. Ninyamazie na mimi, Callan. Mara moja tu. Niahidi hutalitaja jina langu pale kituoni."

Nyuma yake, dirishani mwa jikoni, Dale alikuwa anatutazama, na kikombe cha buluu mkononi.

Nikaikumbatia chupa kifuani, lebo ikiwa upande wangu.

"Nakuahidi, Merv," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka dirishani. "Jumatatu, jina lako halitatoka mdomoni mwangu."